Bidii ya Mtoto Ina Mwizi Wake

Msimu wa mahafali ya kidato cha nne ukifika, Septemba na Oktoba, hotuba huwa ile ile nchi nzima, na sisi wa Endasak, wilayani Hanang, hatujasazwa. Mgeni rasmi ameandikwa saa nne asubuhi. Anafika saa nane mchana. Wanafunzi wamekaa juani, kwaya imekaukwa koo, wazazi wanasinzia chini ya turubai. Anapanda jukwaani, anagonga kipaza sauti mara mbili, anawaasa: someni kwa bidii, muwe na nidhamu, tabia njema ndiyo ufunguo wa maisha. Makofi. Risala. Bahasha. Picha ya pamoja. Pilau. Kesho yake kila mtu anaendelea na mambo yake.

Sina ugomvi na maneno hayo. Ni ya kweli, tena ni ya kweli kuliko wanavyojua wengi wanaoyatamka. Ugomvi wangu ni na ulimi unaoyatamka. Mtu mzima aliyewaweka watoto saa nne nzima wakimsubiri, wiki chache kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba, halafu akasimama kuwafundisha bidii na nidhamu, amewatukana bila kutumia tusi.

Nisemacho ni hiki, na nakisema kwa sauti ili kifike Basotu, kivuke hadi Mbulu: bidii na tabia njema ndizo zinazomfaulisha mwanafunzi, na sisi watu wazima ndio tunaomwibia vyote viwili. Bidii ni muda, saa baada ya saa, jioni baada ya jioni. Tabia njema ni namna mtu anavyoutumia muda huo pasipo kuchungwa. Ukimwibia mtoto muda, umemwibia bidii. Ukimwibia huku akikuona, umemrithisha tabia yako.

Najua jibu linalonisubiri: "Huyu anawatetea wavivu." La hasha. Bidii naiamini kwa sababu ushahidi wake uko hapa hapa kwetu. Frederick Sumaye, mwana wa Hanang, alisoma enzi ambazo sekondari nchini zilikuwa za kuhesabu. Akaenda Kenya, Chuo cha Egerton, akasomea uhandisi wa kilimo. Akawa mbunge wa Hanang, na kuanzia 1995 hadi 2005 akawa Waziri Mkuu. Siasa zake mzijadili mnavyopenda. Mimi nataka jambo moja tu. Alipotoka madarakani, umri umevuka miaka 55, hakukaa barazani kuhesabu mafao. Alikwenda Marekani kukaa darasani kama mwanafunzi, na mwaka 2007 akahitimu shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mtu aliyeongoza mawaziri miaka kumi amerudi kuandika kazi za nyumbani na kusahihishwa na walimu. Kijana wa kidato cha pili anayeona aibu kurudia sura moja ya hisabati na alitafakari hilo.

Au mchukueni John Stephen Akhwari wa Mbulu. Oktoba 1968, Mexico, kwenye mbio za marathoni za Olimpiki, alianguka, goti likaumia vibaya. Walioanza mbio walikuwa 75, 18 hawakumaliza. Akhwari alifungwa bendeji akaendelea, akaingia uwanjani giza limetanda, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Kisa hicho kila mgeni rasmi anakijua, na hapo ndipo tunapojidanganya. Tunaipenda ile bendeji kwa sababu inatutoa machozi. Hakuna anayesimulia kwamba miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, Akhwari alimaliza wa tano kwa saa mbili na dakika 15. Wala hakuna anayeuliza Gidamis Shahanga wa Katesh alikimbia asubuhi ngapi za baridi kabla ya kuchukua dhahabu ya marathoni kule Edmonton mwaka 1978. Tunataka miujiza ya siku moja. Asubuhi zile hatuzitaki, maana asubuhi zina gharama, na mwenye kulipa gharama hiyo si mtoto peke yake.

Basi tuwataje wezi.

Wa kwanza yuko nyumbani, na ndiye mimi na wewe. Shule zinafunguliwa Januari, na Januari shamba nalo linadai watu. Mtoto anabaki "siku mbili tatu" akisaidia, zinakuwa wiki. Siku ya mnada anatumwa kuswaga mbuzi. Mavuno yakifika, anaombewa ruhusa ya ugonjwa ambao daktari hajawahi kuusikia. Utoro wa namna hii hatuuiti utoro, tunauita kumsaidia mzazi. Sisemi mtoto asishike jembe. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule ziwe na mashamba, na alikuwa na haki: anayejua jasho la palizi huheshimu jasho la kitabu. Lakini kazi baada ya masomo ni malezi. Kazi badala ya masomo ni wizi.

Tena kuna wizi mbaya zaidi, ambao viongozi wa maeneo ya wafugaji wameulalamikia miaka na miaka. Mzazi anamwita mtoto wa darasa la saba usiku wa kuamkia mtihani, anamnong'oneza: jaza majibu ya uongo, ufeli, urudi uchunge. Kwa binti anaongeza: ufeli, uolewe, mahari imeshazungumzwa. Fikirini jambo hilo. Mtoto amesoma miaka saba, anayajua majibu, na utii wake, ile ile tabia njema tunayoihubiri, ndio unaotumiwa kumwangamiza. Halafu matokeo yakitoka, mzazi yule yule anapita mtaani akisema mwanangu hakuwa na akili ya shule.

Kwa mabinti wizi ni wa mara mbili. Utafiti wa Afya na Idadi ya Watu wa 2015-16 uliuweka mkoa wetu wa Manyara wa kwanza nchini kwa ukeketaji: asilimia 58 ya wanawake. Utafiti wa 2022 unaonyesha tumepungua hadi kama asilimia 43, na bado tumo kileleni. Binti akishakeketwa, wengi kwetu humhesabu mtu mzima aliye tayari kwa ndoa. Daftari lake halina tena mtetezi. Anayebaki shuleni, akirudi jioni anakutana na ndoo, kuni na mdogo wa kubeba, wakati kaka yake amekaa. Baada ya hapo tunashangaa kwa nini wavulana wanawapita kwenye fizikia.

Na chakula? Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, wengi wetu tulisikia neno "bila" tukaziba masikio. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka ule ule ulieleza wazi kwamba sare, madaftari na chakula cha mtoto bado ni juu ya mzazi. Hii ni Hanang, wilaya ya mahindi, maharage, mbaazi na ngano. Kuna nyumba zenye magunia hadi darini ambamo mtoto anashinda na njaa kwa sababu baba amegoma kutoa debe moja la mahindi la mchango, akidai serikali ilisema bure. Baba huyo huyo Jumamosi utamkuta kilabuni, na pale haulizi kama pombe ni bure. Mtoto aliyeamka alfajiri, akatembea kilomita kadhaa kwenye baridi ya mlima, anafika kipindi cha saa saba macho yanaona mbili mbili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ndiyo. Sisi tumemfunga mtoto ubao mgongoni kisha tunamfokea kwamba hajui kuinama.

Mwizi wa pili amevaa suti ya kaunda na ana chaki mfukoni. Wapo walimu, na nawaheshimu kwa dhati, wanaofundisha madarasa yaliyofurika kwa vitabu vichache, wanaokaa jioni na watoto bila posho. Siwagusi. Nawasema wale wanaosaini daftari la mahudhurio kisha wanatoweka. Benki ya Dunia ilipofanya ziara za kushtukiza katika shule zetu za msingi mwaka 2014, ilikuta karibu nusu ya walimu hawamo darasani wakati wa kipindi, wengi wao wakiwa pale pale shuleni. Wako ofisini, wako kwenye simu, wako kivulini. Mwanafunzi anayefunzwa hivyo amejifunza somo moja kikamilifu: kuwepo si lazima kufanya kazi, saini inatosha.

Mwalimu wa aina hiyo ndiye hodari wa fimbo. Kanuni za mwaka 2002 zinasema adhabu ya viboko ni kwa idhini ya mkuu wa shule, visizidi vinne, tena viandikwe kwenye kitabu. Nani anaandika? Mtoto kachelewa kwa sababu mto umejaa, kiboko. Kashindwa kujibu swali la Kiingereza ambacho hajawahi kufundishwa vizuri, kiboko. Kinachopatikana hapo ni ukimya, nasi tunaubandika jina la nidhamu. Mwanafunzi anayetulia kwa sababu ya fimbo atavuruga siku fimbo isipokuwepo, na siku hiyo huwa ni siku anapohamia geto.

Hapo kwenye mageto nasimama kidogo, maana ndipo tabia hupimwa kwa kweli. Shule za kata zilizojengwa kwa kasi kuanzia 2004 ziliwafikisha watoto wengi sekondari, na hilo ni jema kubwa. Lakini nyingi hazina mabweni, na vijiji vyetu vimetawanyika. Kwa hiyo mtoto wa miaka 14 anapangishiwa chumba karibu na shule, anaachiwa sufuria, unga na mafuta ya kupikia, mzazi anarudi kijijini, anapita mwisho wa mwezi. Jirani wa chumba ni kijana wa bodaboda mwenye simu kubwa na hela ya chipsi. Tunamwacha binti pale, peke yake, halafu akipata mimba tunafungua kinywa kusema hakuwa na tabia. Kwa miaka mingi tulikuwa tunamfukuza shule moja kwa moja. Ilibidi tusubiri hadi Novemba 2021 serikali iruhusu arudi darasani. Aliyempa mimba tulimfukuza wapi?

Mwizi wa tatu ni mkubwa, anaitwa mfumo, na hapendi kutajwa. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa, takribani asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa na sifuri. Taifa lilitikisika. Wakubwa wakafanya nini? Matokeo yakafutwa, yakapangwa upya, ufaulu ukapanda kwenye karatasi. Kabla mwaka 2013 haujaisha, wizara ikatangaza kwamba sifuri haitakuwepo tena, itaitwa daraja la tano. Baadaye ukaja mfumo wa wastani wa alama, nao haukudumu. Mwanafunzi aliyekesha kwa koroboi na yule aliyekesha kwenye video wote waliiona ishara ile: nchi yenyewe, ikifeli, hubadilisha jina la kufeli.

Msishangae basi mkisikia udanganyifu wa mitihani. Mwaka 2022 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya watahiniwa 2,194 wa darasa la saba na kuvifungia vituo 24. Darasa la saba! Mtoto wa miaka 13 hana ufunguo wa kabati la mitihani. Mtu mzima alifungua, mtu mzima alinakili, mtu mzima alimpa majibu na kumwambia afiche. Aliyefutiwa matokeo ni mtoto. Na mwaka 2024 mtaala mpya ulipoanza, tuliletewa somo jipya, Historia ya Tanzania na Maadili. Somo silikatai. Nauliza tu: mtoto atajibu swali la uadilifu kwa majibu aliyopewa na nani?

Mwizi wa nne yuko kijiweni, na ana kauli moja: "Kusoma kuna nini? Siku hizi ni koneksheni." Anawaonyesha mhitimu wa chuo anayeendesha bodaboda, anacheka, kisha anarudi kwenye mkeka wake wa kubeti. Huyu ni hatari kwa sababu ana nusu ya ukweli. Ajira ni ngumu, na upendeleo upo. Lakini mtazameni anayeitoa kauli hiyo: amesubiri koneksheni miaka mingapi? Mkulima wa vitunguu anayejua kusoma maelekezo ya dawa, kupima eka yake na kukataa lumbesa ya dalali kwa hesabu, huyo shule imemlipa hata kama hana kitambulisho cha ofisi. Koneksheni humwingiza mtu mlangoni. Bidii na uaminifu ndivyo vinavyomfanya asitolewe.

Nawe mwanafunzi, usidhani nimekuvika kilemba cha ukoka. Wezi wakiwa wanne, wa tano waweza kuwa wewe. Saa ulizobakiwa nazo, baada ya sisi wote kukuibia, unazifanyia nini? Wapo wanaofika shuleni mapema na kukaa nyuma ya choo. Wapo wanaonakili kazi ya rafiki kisha wanamcheka kwa kusoma sana. Wapo waliofikia kuandika matusi kwenye karatasi ya mtihani wa taifa hadi wakafutiwa matokeo. Hapo mzazi hakukutuma, mwalimu hakukufunza, serikali haikukushika mkono. Umaskini wa nyumbani unaeleza mambo mengi, hauelezi hilo. Saa mbili kila jioni, kwa mpango, ukianza na somo unalolichukia, zinakutosha kumpita mwenzako mwenye akili nyepesi na mikono mizito. Kumwomba mwalimu akurudilie ulipokwama kunahitaji unyenyekevu, na unyenyekevu ni tabia. Kukiri kwamba hukuelewa kunahitaji ukweli, na ukweli ni tabia. Kurudi kwenye swali lililokushinda jana kunahitaji subira. Ndiyo maana wanaodhani tabia ni jambo la kanisani na msikitini, na ufaulu ni jambo la darasani, wamekosea: mwanafunzi mwongo hujidanganya yeye mwenyewe kwanza kwamba ameelewa.

Ripoti ya mwisho wa muhula inalijua hilo kuliko sisi. Chini ya alama za masomo kuna sehemu ya mwenendo: bidii ya kazi, ushirikiano, heshima, utunzaji wa vifaa. Mzazi huangalia nafasi darasani, akikuta wa 70 kati ya 90 anafoka, anaitupa. Sehemu ya mwenendo haisomi. Na mwalimu, akijua haisomwi, anajaza B kwa kila mtoto kuanzia juu mpaka chini. Kitu pekee kwenye karatasi ile ambacho mzazi asiyejua kemia angeweza kukisimamia nyumbani, ndicho tunachokipuuza wote wawili.

Atakayesema bidii na tabia njema haziwezekani kwetu sisi watu wazima, na akumbuke Desemba 2023. Tarehe 3, tope na mawe kutoka mlima Hanang vilishuka Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa. Hakuna aliyeuliza posho. Hakuna aliyesubiri akidi ya kikao. Watu walichimba kwa mikono na majembe, wakatoa unga, nguo na blanketi, wakawapokea watoto ambao hawakuwa wao. Bidii ile ilikuwa yetu. Tabia ile ilikuwa yetu. Tunavyo vyote viwili, ila tunavitoa pale tu kifo kinapobisha hodi. Kufeli kwa kizazi kizima hakupigi kelele kama tope, ndiyo maana tunalala.

Kwa hiyo sitaki hotuba nyingine. Nataka mambo yanayohesabika. Kikao cha wazazi kipange mchango wa chakula kwa debe na kwa jina, na anayegoma asomwe hadharani kama anavyosomwa anayegoma kuchangia msiba. Serikali ya kijiji ihesabu watoto wasiofika shule siku ya mnada, na mtendaji aende kwa mzazi badala ya kumsubiri mtoto getini. Mageto yote yaandikwe, kila geto liwe na mama au baba wa jirani anayelipitia jioni. Mkuu wa shule abandike ukutani vipindi vilivyofundishwa na visivyofundishwa kila wiki, mzazi asome mwenyewe. Halmashauri ya Hanang ianze na mabweni kabla ya magari. Na binti atolewe kwenye ndoo saa moja jioni, kaka yake achukue zamu.

Mkiyafanya hayo na mtoto bado akazembea, hapo mwiteni mvivu, nami nitakuwa shahidi wenu. Kabla ya hapo hamna kesi dhidi yake. Debe la mahindi, taa yenye mwanga, na saa mbili za jioni ambazo hakuna atakayemtuma popote: anzeni na hayo, wiki hii.